Kilomita za Kwenda kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshinda! Mama mkwe haji kukaa kwetu. Jumapili mimi na mume wangu tunamfuata kwake, tunampeleka kwa wifi, mwisho wa maneno. Miguu imemvimba, hawezi tena kubaki na dada wa kulipwa tu anayemuuguza, sawa — lakini mimi na yeye hatuivi chungu kimoja. Yule ni Bi Ukaguzi. Alipokuja mara ya mwisho alikagua mpaka chini ya sufuria.

Leo duka la dawa ninapouza lilipooza, nikafungua ramani kwenye kompyuta ya kaunta. Kutoka kwetu mpaka kwake: kilomita 512. Nimepanga pa kujaza mafuta, pa kula, pa kulala. Mume wangu ni fundi friji, yeye abaki na gesi zake. Njia aniachie mimi.

Jumatano, 5 Machi

Ajabu. Leo ramani inasema 340. Barabara ile ile! Nikafungua tovuti nyingine — 340. Nikapima kwenda kwa wifi, haijabadilika hata kidogo.

Mume wangu kacheka, eti labda wamechonga barabara mpya. Kwa siku mbili? Halafu kampigia mamake, kaweka sauti kubwa. Mama akasema tusihangaike na gari la watu, atakuja mwenyewe. Mume wangu akamuuliza, kwa miguu ipi, mama? Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Simu ilikuwa na upepo mwingi, kama mtu aliye nje. Na dada anayemuuguza anasema wiki nzima hajashuka kitandani.

Ijumaa, 7 Machi

88.

Ile nyumba ya wageni niliyoichagua, ramani inasema haiko njiani tena. Hata mgahawa hauko njiani. Bosi kachungulia, kaniuliza mbona natetemeka. Nikasema homa. Homa gani, muongo mkubwa mimi! Naogopa. Nimeshaandika, basi: naogopa.

Jioni nikamwambia mume wangu twende kesho, tusingoje Jumapili. Akasema haiwezekani, ile pikapu ya kuazima bado iko gereji. Kisha kaniuliza kwa upole: au tumlete tu hapa? Chumba cha nyuma kipo. Nikafoka mpaka koo likaniuma. Hapana, hapana, hapana! Kalala kanigeuzia mgongo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefungua ile picha ya setilaiti. Paa lake nalijua, bati jekundu, matairi mawili juu yake lisipeperuke, tangi jeusi la maji pembeni. Ndilo lenyewe. Lakini liko kwenye kiwanja cha mpira, mwisho wa mtaa wetu!

Nikatoka mbio na ndala zangu, moja mguu huu, nyingine sijui iliangukia wapi. Kiwanja kitupu. Hakuna nyumba, hakuna tangi. Watoto wanacheza kama kawaida, ila wamejibana upande mmoja, upande wa pili hawakanyagi. Nikawauliza kulikoni. Wakasema kule kuna bibi kawafukuza, kasema wanamtilia vumbi.

Bibi yupi? Wakaonyesha kwa vidole. Sikuona mtu.

Nimepiga simu ya mama mkwe, haipokelewi. Ya anayemuuguza, vivyo hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Wifi kapiga asubuhi, analia. Mama kafariki jana mchana. Kabla ya hapo aliomba avishwe viatu. Waliokuwa naye wakamwambia, mama, kitandani? Akasisitiza. Wakamvisha, akafumba macho.

Mume wangu kakaa sebuleni. Nimelia, Mungu ananiona. Kwa huzuni au kwa hofu, sijui. Nikashika simu nitafute njia ya kwenda msibani. Sijaandika hata herufi moja, sauti ya yule mwanamke wa ramani ikasema: "Umefika unakokwenda."

Nimeizima. Nimekimbilia chumbani, naandika ili mikono iwe na kazi.

Kuna mtu anabisha hodi. Si jirani, majirani hatujawaambia bado. Nimempigia mume wangu kelele asifungue! Hanisikilizi. Huyo anakwenda. Komeo hilo.

Nasikia mlango unafunguka.

Sasa anaongea, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya kitoto kabisa. Kasema, "Shikamoo, mama."

Nasikiliza kama ataitikiwa