Swali la Nane

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Ile miguu yako iliyokuwa ikivimba imepata nafuu? Huku sisi wazima, ila uzima wenyewe ni wa kushikilia ukuta.

Nilikuandikia kwa mbwembwe kwamba chama chetu cha akiba na mikopo kimenipa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba, kuwauliza wanachama chama kimewafaa nini. Fomu ilikuwa na maswali mengi, lakini mwenyekiti alilipenda moja tu, la nane: Je, maisha yako yamebadilika tangu ujiunge? Ndiyo au hapana. Basi nikapita na viatu vyangu vya kuazima. Fundi viatu alisema yamebadilika, mkewe amerudi kwao. Muuza mkaa alicheka, akasema yamebadilika mno, zamani alikuwa na mkokoteni. Wote nikawatilia alama kwenye ndiyo. Si niliulizwa kama yamebadilika?

Ripoti ikatoka na jalada la kung'aa: kati ya kila wanachama kumi, tisa maisha yao yamebadilika. Mwenyekiti akasema watu wakishafanikiwa hivi, mfuko wa kuwanusuru waliokwama ni wa nini? Ukafungwa wiki ileile. Mimi nikapewa ajira ya kudumu, na nilipiga makofi kuliko wote.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Mama amenikataza nisikuambie. Ukimpigia simu atasema bado anashona. Mwongo. Cherehani uliyomnunulia kwa mshahara wako wa kwanza aliiweka dhamana ya mkopo wa chama, akashindwa kulipa, wakaja kuichukua. Iko stoo ya chama, itapigwa mnada Ijumaa. Alikwenda kuuomba ule mfuko umnusuru, akaonyeshwa ripoti yangu.

Na bado sijakwambia baya zaidi. Siku niliyomhoji Mama, alisema ndiyo, mwanangu, yamebadilika. Chini ya dirisha, sakafuni, palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani. Niliziona, Dada. Sikuuliza. Niliandika ndiyo, nikaaga, maana nilikuwa na nyumba sita za kumaliza.

Jana nilimrudia nikilia. Nikamwambia nitasimama mbele ya mkutano wa wanachama Alhamisi, niseme swali lilikuwa bovu na mimi nilijua. Alinifuta machozi kwa kanga yake, akaniambia nikae kimya, niandike vizuri tu nisije nikafukuzwa, kwa kuwa sasa anakula kwa kalamu yangu. Nimechanganyikiwa. Nikisema, namkosesha chakula. Nikinyamaza, namuuzia cherehani yake. Niambie la kufanya kabla ya Alhamisi, nakuomba, hata kama ni matusi.

Nisalimie shemeji, watoto wape mabusu yangu. Na siku ukija kwa Mama, usitazame chini ya dirisha. Amepatandika mkeka.

Ni mimi mdogo wako,
Kimbelembele