Mistari ya Haro Dirishani

Askerby, Lincolnshire
11 Februari 1968

Mpendwa kaka Clement,

Hujambo huko Tasmania? Na wifi Ada, mgongo wake umepoa? Ninyi mnaungua na jua, sisi huku baridi inatukata masikio. Mimi ni mzima kabisa, sina hata mafua. Baba ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Krismasi alikuja Shangazi Honor, na unamjua: chai haijapoa, keshaanza Kilatini chake. Tukamwambia haya, tupe neno moja tu, kisha tule keki kwa amani. Akachagua hearse, yaani gari la maiti. Eti huko Italia ya kale kulikuwa na watu waliomwita mbwa mwitu hirpus. Haro, ile zana ya kuvunjia madongoa shambani, kwa meno yake ikapewa jina kutokana na mnyama huyo. Kisha kile chuma cha kusimamishia mishumaa juu ya jeneza, kwa kuwa kilifanana na haro, kikarithi jina. Mwisho likarithi gari. Akamgeukia Baba: "Basi kaka, siku yako mbwa mwitu atakuja na magurudumu!"

Tulicheka hadi machozi. Baba hakucheka. "Honor," alisema, "vitu vingine haviitwi mezani."

Tangu siku ile akawa hali, halali. Halafu asubuhi moja nikaona mistari ya haro kwenye theluji, kule mwisho wa shamba la ngano. Hapakuwa na nyayo za farasi wala alama za trekta. Na haro yetu si unaijua? Imeshikwa na kutu na miiba nyuma ya banda, haing'oki hata uilie.

Kila kukicha mistari ilisogea karibu na nyumba. Baba akavuta kiti chake dirishani, akawa anaingoja. Jamani, niliogopa! Nilitaka nikuandikie uwahi kumwona.

Leo imefika chini ya dirisha lake, ikapita. Imezunguka nyumba na kukoma chini ya dirisha langu.

Baba ameamka na njaa, kala mayai na mkate wote, anaimba. Huku nyuma ya nyumba hajafika, nami sijamwambia kitu.

Kaka, njoo. Usijibu barua, njoo tu. Baba hajui kupika hata uji, na sitaki abaki peke yake.

Nisalimie wifi, na Rupert na Maud uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye popote nitakapokuwa,
Winifred