Sura Yako Kwenye Mkanda Ulioungua

Kwako Tata, baba wa mume wangu,

Niliishi nyumbani kwako miaka minne na hatukuwahi kuamkiana. Ndiyo mila yetu: mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye, na akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Wewe kwa hisani yako ulikuwa ukikohoa kabla ya kukata kona ya nyumba, nami nikisikia najificha jikoni au nageukia ukuta nimejifunika kanga. Nakujua kwa kikohozi, kwa viatu vya mpira na kwa harufu ya tumbaku. Kwa sura sikujui. Basi ukiona leo nakuita "wewe" bila haya, nisamehe, najua hutapita tena njia hii.

Unakumbuka ulivyoileta ile kamera? Ilikuwa miaka ya ruksa, soko letu la Bulyaga limejaa vitu kutoka mpakani, watu wananunua hata wasichojua kazi yake. Wenzako walinunua redio. Wewe ukauza viazi ukarudi na kamera, halafu hukupiga harusi wala kipaimara cha mtu. Ulipiga uani kwetu. Nikishafagia asubuhi nasikia kikohozi, najificha, kisha nasikia kidude kinalia "ka". Nikitoka hupo. Kesho tena. Ukapiga kuni nilizopanga, ukapiga ndizi nilizomenya zikiwa kwenye beseni, ukapiga hata nguo kambani.

Niseme ukweli, Tata, nimezaliwa mtu wa kushuku. Hata mchungaji akinisifu nasubiri nione anataka nini. Na wakati ule sababu nilikuwa nayo: mwaka wa tatu tangu niolewe kutoka Ikuti, na tumbo kimya. Sasa mzee ambaye hawezi kuniambia neno anakusanya picha za kazi zangu, za nini? Nilimwuliza Gwakisa, mwanao. "Mzee anajifurahisha tu," akasema huku akifunga kamba za viatu. Mtu anayenijibu bila kuinua uso mimi simwamini, hata akiwa mume wangu.

Mama Zuhura, yule aliyekuwa akiuza mafuta ya taa Msasani ya huku kwetu, ndiye aliyenimaliza kabisa. "Shauri yako, dada," aliniambia. "Maneno mtu anayakana, picha utaikanaje? Siku ya kikao wanazimwaga mezani, uwanja ulikuwa mchafu, kuni mbichi, rudi kwenu." Tangu hapo nikawa nafagia mara mbili, na kuni mbichi nazipanga chini ya kavu. Nilimpenda Gwakisa. Sikutaka kurudi Ikuti na sanduku kichwani, watu wakihesabu miaka niliyokaa kwenu bure.

Jumatatu moja mlikwenda wote kuchuma chai. Nikaingia sebuleni kwako, mahali nisipokanyaga ukiwapo, nikaikuta kamera juu ya kabati. Nikabonyeza huku na huku mpaka ikafunguka mgongo. Nikavuta mkanda, nikaenda nao mlangoni penye jua nione umenipigaje. Sikuona kitu, ulikuwa utepe wa kahawia tu. Nikavuta wote mpaka mwisho, kisha nikausokota kurudi kwenye kikopo chake na kufunga kama nilivyokuta. Je, nilijua kwamba mwanga unaharibu? Nimejiuliza mara nyingi. Nilikuwa nimesikia sikia, na sikutaka kusikia zaidi.

Fundi wa studio alikwambia umeungua. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko ukimwambia Mama, mkeo, "Labda ni mkono wangu, nimezeeka." Hukumshuku mtu. Mimi hata hapo nikashuku, nikasema huyu mzee anajua, ananitega. Hukununua mkanda mwingine. Zikaja mvua za masika, kifua kikakubana, ukatutoka. Watu walipokuwa wakipita kukuaga, nami nilipita nimeinamisha kichwa kama inavyompasa mkamwana. Niliona ubao wa jeneza na misumari tu.

Kikao cha kunirudisha kwetu hakikuitishwa hata siku moja. Baada ya matanga Mama akanipa kopo lako la biskuti. Ndani mna picha. Alama za ufagio wangu kwenye udongo wenye umande, moshi wa jiko langu ukichanganyika na ukungu, kuni zangu, ndizi zangu. Mimi mwenyewe simo, isipokuwa moja ambayo kisigino changu kinaishilia nyuma ya ukuta. Nyuma ya kila picha umeandika kwa penseli: Kazi ya mkamwana.

"Na ule mkanda ulioungua?" nikamwuliza, nikijitia sijui.

Mama alicheka kidogo. "Ule alinifundisha mimi kubonyeza. Akavaa koti la kanisani, akasimama mlangoni. Akasema mpige huyu mzee, mkamwana amjue anayemkoholea kila siku. Kumwona kwenye karatasi si kosa. Alinisumbua huyo, mkanda mzima ni yeye tu, eti tutachagua iliyo nzuri."

Ni mimi niliyeufungua, Tata. Mama hajui, Gwakisa hajui, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Picha nyingine yako haipo nyumba hii. Uliifikiria njia ya kuniamkia bila kuvunja mila, na mimi nikaianika juani. Inaniuma, na sina wa kumlaumu.

Tuna mtoto sasa, na watu wanasema kachukua sura yako. Namkagua, lakini nashuku wananibembeleza. Mama yeye anasema nisubiri Gwakisa azeeke, ndiye wewe mtupu. Nami nangoja, nahesabu mvi zake kwa kuibia.

Jumapili iliyopita Gwakisa alitoa lile koti lako kwenye sanduku, akalivaa. Nilikuwa nafagia. Alipokata kona ya nyumba alikuwa anakohoa, ana mafua, na mwanga wa asubuhi ulikuwa umempiga usoni sawasawa. Huo ndio ungekuwa wakati wa kuiona sura yako, Tata. Nikajikuta nimegeukia ukuta.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kila kikohozi. Pumzika.

Ni mimi mkamwana wako,
mwenye kisigino