Bariyeri Iliyobaki Wazi Burungu

Mpendwa mshauri wetu wa radio, Mama Josiane, naomba msaada wako, na kwanza nitangulize lile nililolificha kwa miaka ishirini na mbili: ng'ombe walioingia katika maharagwe ya Mama Béata pale Burungu hawakutoka kwa uzembe wa Muhire, mchunga ng'ombe, kama watu wote walivyoamini, bali walitoka kwa sababu kundi langu la matembezi liliacha wazi bariyeri ya malisho, na mimi nililijua hilo siku ileile nikanyamaza.

Mimi ni mzee wa miaka themanini na moja, mzaliwa wa Ntoto kule Walikale, niliyefundisha jiografia hapa Kitchanga mpaka nywele zikawa nyeupe, na sasa daktari amewaambia watoto wangu maneno ambayo hawataki kuniambia, lakini nimeyasoma kwenye nyuso zao. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kidogo asubuhi na kidogo baada ya chai, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Nilipohamishiwa Kitchanga nilikuwa mtu wa msituni, nimezoea njia za kwetu zinazopita chini ya miti mikubwa ambako huoni mbali, na milima hii ya majani mafupi ilinitamanisha, nikaanza kuwachukua wanafunzi, kisha wazazi wao, kila Jumapili baada ya misa, twende tutembee, lakini mwanzoni nilikuwa nawapandisha mlima wima, watoto wakilia, kina mama wakikaa chini na kusema mwalimu huyu anataka kutuzika, mpaka siku moja Muhire, aliyekuwa akichunga katika ferme ya ng'ombe ya Papa Védaste, alisimama akatucheka, akaniambia: "Mwalimu, ufuate bidoni, usifuate macho."

Alimaanisha njia ambayo watu wa ferme wanapita asubuhi na bidoni za maziwa kichwani wakielekea sokoni, njia isiyopanda mlima kwa hasira bali inauzunguka polepole, kwa kuwa maziwa yakitikiswa sana yanaanza kushika siagi kabla ya kumfikia mnunuzi. Alitembea nasi Jumapili nzima akinionyesha pa kupumzika penye mikaratusi, chemchemi ya maji safi, na jiwe pana ambalo mtoto anaweza kukaa juu yake akaona mabati yote ya Kitchanga. Ni saa moja na nusu kwa mguu wa mtoto wa miaka mitano, na bibi mmoja wa fimbo aliimaliza akarudi anaimba. Njiani kulikuwa na bariyeri moja tu, miti mitatu inayolazwa kati ya nguzo mbili, na Muhire alinipa sheria moja tu: anayepita mwisho anairudisha yote mitatu.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa tano mvua ilitukuta juu, tukateremka mbio, kundi likatawanyika, na jioni ile ng'ombe kumi na wanne wakatoka, wakala shamba lote la Mama Béata, mjane mwenye watoto wanne, maharagwe yakiwa ndiyo yanatoa maua. Kesho yake Papa Védaste alituita sote kwenye bariyeri, mjane, majirani na mkubwa wa kijiji. Muhire aliapa kwamba alikuwa nyuma ya kilima akimsaidia ng'ombe kuzaa, na kwamba alipoondoka bariyeri ilikuwa imefungwa. Papa Védaste akanigeukia akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama watu wangu walifunga.

Nikajibu: "Watu wangu ni watu wa shule."

Hilo tu. Sikusema ndiyo wala hapana, lakini kila mtu alisikia ndiyo. Muhire alinitazama, akavua kofia yake, akasema: "Kama Mwalimu anasema vile, basi njo vile."

Wiki ileile alifukuzwa, baada ya miaka kumi na saba, na nikawaona yeye, mke wake Murekatete na watoto wao wakitoka katika nyumba ya ferme na magodoro kichwani, nami nikapita upande wa pili wa barabara nikijifanya nasoma karatasi. Papa Védaste akafunga njia kwa waya wa miiba, matembezi yetu yakaisha.

Nilinyamaza kwa ajili ya watoto, Mama Josiane. Niliona kwamba ni mtoto mmoja wa kundi aliyepita mwisho akasahau, na mwalimu hawezi kumtupa mtoto mbele ya watu wazima wenye hasira.

Sasa Papa Védaste amekufa, ferme iko mikononi mwa binti yake Elodie, na kwa kuwa watu wamepata kupumua kidogo na wanatafuta pa kuwatembeza watoto siku ya Jumapili, amekubali kuondoa waya. Vijana wa parokia walikuja kitandani kwangu wakaomba niwachoree njia, nikawachorea, kisha wakanionyesha ubao waliokwisha kuupaka rangi, wenye jina langu kwa herufi kubwa. Watausimamisha pale kwenye bariyeri Jumapili ijayo. Muhire yuko hai, anaishi Burungu kwa binti yake, na wamemwalika yeye pia aje kushangilia. Je, niwaache waweke ubao wao nife kimya, ao niseme na kuwaharibia sikukuu?

Mzee wa Kitchanga

*

Papa Mwalimu,

Pole kwa ugonjwa, na asante kwa kuandika mwenyewe. Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma wewe. Mara ya pili nilimwonea huruma Muhire, na ile yako ikapungua.

Unaogopa kuharibu sikukuu. Sikukuu ya nani, Papa? Mtu aliyekuonyesha njia ameitwa asimame juani akupigie makofi, mahali palepale alipovulia kofia yake. Usiniambie hiyo ni heri kuliko aibu yako ya siku moja.

Umewafundisha watoto wetu mito na milima, na wengi wanakuombea hadi leo, nami sikuondolei hilo. Lakini sentensi yako moja, tena fupi, ilimtoa mtu nyumbani mwake. Uliijua nguvu ya neno la mwalimu ndiyo maana ukalitumia.

Fanya hivi. Leo, si kesho, mwite Elodie na vijana wa parokia, uwaambie ubao usisimame. Usiwachagulie jina jingine, na usijifanye mkarimu kwa kumpa Muhire kilicho chake. Kisha umwombe Muhire aje kwako. Akikataa, usikasirike, mtumie barua. Akija, umwombe msamaha bila kumweleza jinsi ulivyoteseka wewe. Yeye na Murekatete wana hadithi yao ya magodoro. Mama Béata naye aambiwe, maana miaka yote hiyo amemkasirikia mtu asiye na kosa. Na Jumapili wakubebe kwa kiti mpaka kwenye bariyeri, ao kama mwili hauwezi, mtoto wako mmoja akasome maneno yako kwa sauti. Ulilolisema mbele ya watu halifutwi chumbani.

Kuna jambo moja bado, na hapa nitakuwa mkali. Barua yako inajua kila kitu: ng'ombe kumi na wanne, miti mitatu, maharagwe yenye maua. Lakini huyo mtoto aliyesahau hana jina, hana umri, hana hata mzazi. Mimi nimelea watoto sita, Papa. Anayemficha mtoto anamjua mtoto anayemficha. Wale watoto wa kundi lako leo ni baba na mama za watu, na ukisema Jumapili kwamba ni mmoja wao, kila mmoja atarudi nyumbani akijiuliza kama ni yeye. Umemvika Muhire kosa hili muda wote huo. Usimvike mtoto wa mwenzako ndipo uondoke.

Niandikie tena. Nani alipita mwisho? Sitaisoma barua yako kwenye radio mpaka nipate jibu.

Mama Josiane

*

Mama Josiane,

Ubao umerudishwa parokiani. Elodie alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia baba yake alikufa bado anamlaumu Muhire, akimwita mwizi wa usingizi wake, kisha akalia kidogo na kuniuliza kama nimekunywa dawa.

Muhire alikuja jana. Hakukubali kiti, alisimama karibu na mlango. Nilimwomba msamaha kama ulivyonielekeza, bila kujieleza. Akaniuliza swali lilelile lako: "Mwalimu, njo nani alipita nyuma ya wote?" Nilifumba macho nikasema nimechoka. Akaniaga vizuri, kwa heshima, akaenda.

Leo asubuhi nimemtuma binti yangu amwombe arudi, na kabla hajafika nakuandikia wewe, ili nisipate tena pa kukimbilia. Unaweza kuisoma hii pamoja na ile ya kwanza, na jina langu ulitaje: Isidore, mwalimu wa jiografia.

Hakukuwa na mtoto. Watoto wote walikuwa wametangulia na mama zao, niliwaona mbele yangu kwenye mvua, mpaka wa mwisho wao. Nilipita nyuma yao peke yangu, nikaikuta miti mitatu chini, nikainama kuushika wa kwanza, ulikuwa umejaa mavi ya ng'ombe, nami nilikuwa nimevaa shati langu jeupe la misa, nikauacha.