Filimbi za Refa

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa dada uliyemwacha kituoni akikupungia mkono, nawe ukapanda basi bila kugeuka. Hapa tu wazima. Mama mguu umepungua kuvimba, ila mdomo haujapungua.

Najua simu ipo, lakini kwenye simu unanikatiza. Soma mpaka mwisho. Maji ya huko huyajui, yachemshe. Sindano ya pepopunda nilikuchoma mwenyewe, lakini ukijikata, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi hapohapo, usisubiri kitunge usaha ndipo unikumbuke. Pasi yako ya kusafiria usimwachie mtu. Barabarani msitembee mmojammoja. Na ukitukanwa, pita. Nakujua, wewe huchemka kabla sufuria haijapata moto.

Andika upesi.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, na natumaini nyote wazima. Mwambie Mama mdomo ndio unaomponya mguu.

Hapa machinjioni nimewekwa kwenye kuchuna ngozi. Ng'ombe anakuja ananing'inia kichwa chini kwenye mnyororo, damu bado inamtiririka, nami naanzia miguuni. Sakafu inateleza, sote tunavaa buti za mpira. Juzi mwenzetu alijikata kiganja hadi mfupa ukaonekana. Nyapara akamwambia afunge tambara aendelee. Nilimwosha kwa sabuni kama ulivyoniagiza. Alipiga kelele kushinda ng'ombe.

Maji nachemsha. Wananicheka, wananiita Daktari.

Tatizo si maji. Wenyeji waliofukuzwa kazi hapa kabla yetu wanasema tumewapokonya tonge mdomoni. Wanatuvizia tukitoka kazini, wana nondo na minyororo ya baiskeli. Wiki iliyopita walimvunja mwenzetu mwingine taya, sasa anakunywa uji kwa mrija. Ninayelala naye chumba kimoja, tunayemwita Mrefu kwa kuwa ni mfupi, anaficha kisu cha kazi ndani ya buti. Anataka nami nibebe. "Wakikujia, Daktari, utawachemshia maji?"

Nibebe?

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, hofu ni kwako.

Usibebe. Hapa zahanati nimeshona watu wengi waliochomwa kwa visu vyao wenyewe. Kisu ukikitoa, hakikuulizi kinaingia kwa nani.

Fungua mfuko huu. Jirani yetu refa alikuwa na filimbi za timu ya vijana iliyovunjika, nimezibeba zote. Gawaneni. Mpatane jambo moja tu, jepesi, ambalo hata mwoga atalikumbuka: filimbi ikilia, kila mtu atoke. Mtu wa kuvizia anaogopa kuonekana na wengi.

Mama anauliza kama umekwenda kuchinja au kuchezesha mechi.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Shikamoo. Niko hai. Nimeanza na hilo ili Mama alisikie kwanza.

Filimbi zilitufaa. Mara mbili tulipuliza, na mara mbili walikimbia. Mrefu akakirudisha kisu chake kazini, akaanza kutembea na filimbi shingoni kama hirizi.

Jumamosi mchana walimkamata kwenye kona ya duka la matairi, karibu na bweni letu. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo. Nondo ya kwanza ilimpata begani, ya pili sikioni. Nikapuliza. Bweni likatoka, wengine na aproni zenye damu ya kazini. Wale wakatimua mbio, ila mmoja aliteleza akaanguka. Kijana, ndevu hazijamjaa. Wenzetu wakamfikia.

Ninakula na watu wale, Dada. Ninajua nani anakoroma na nani anaota kwa sauti. Walimkanyaga kichwa kwa buti. Yule wa taya iliyovunjika akaiokota nondo, akaishika kwa mikono miwili kama anayetwanga. Niliwapigia kelele waache, hakuna aliyesikia. Basi nikafanya kama refa: nikapuliza, mpulizo mrefu wa kusimamisha mchezo. Lakini sisi tulipatana jambo moja tu. Waliokuwa wamebaki ndani nao wakatoka. Nikazidi kupuliza, nao wakazidi kuja, na kila aliyefika alitafuta pa kupiga. Nilinyamaza nilipoona mguu wake umeacha kutikisika.

Amekufa. Siku nzima nakanyaga damu, sijali. Ile nimeisugua kwenye buti na haitoki.

Sikio la Mrefu limepasuka. Nimelisafisha.

Mdogo wako


18 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba.

Rudi. Usingoje mshahara, usiage mtu. Ndugu zake watakuwa wamesikia nani alikuwa akipuliza huku mtoto wao akifa, na hakuna atakayekuuliza ulipuliza kwa nia gani.

Nilikupa cha kuitia watu, sikukupa cha kuwazuia. Hilo tutaliongea uani hapa, ukiwa umekaa mbele yangu.

Panda basi.

Dada yako


27 Mei

Dada,

Shikamoo. Ningekuwa njiani, lakini pasi iko kwa nyapara. Nilimwachia siku ya kwanza, kila mtu alimwachia, nikaona haya kukuambia. Leo asubuhi nimemwomba. Amesema hataki kukosa mchunaji.

Sasa hivi ndugu za yule kijana wapo langoni. Ni wengi, wana nondo na matofali. Wanamtaka mwenye filimbi. Watu wetu wamejipanga uani, visu mkononi, filimbi midomoni, Mrefu mbele na bandeji yake. Mmoja akipuliza, bweni zima litamwagika nje, na nimeshaona linavyokuwa likimwagika. Nimewaambia asipulize mtu, waone watakachoona. Mrefu ananitukana huku analia.

Natoka kuzungumza nao, mikono mitupu. Nitawaambia nilikuwa nawazuia. Labda watanisikiliza.

Bahasha hii nampa mpishi apite nayo mlango wa nyuma. Filimbi yangu imo ndani.

Maji nimechemsha. Yako kwenye ndoo, nimeyafunika.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo siwezi kukuuliza, lakini barua yako ilihitaji jibu. Sisi tupo. Mama mguu umepona, ni mdomo sasa ambao haufunguki.

Mrefu alinipigia simu. Nilimlazimisha asiruke kitu. Amesema uliongea nao ukiwa umesimama, kisha ukiwa umepiga magoti. Tofali la kwanza lilikupata kwenye meno, ukaendelea kuongea. Hukuinua mkono ila kukinga kichwa. Walipochoka waliondoka, na siku hiyo hakuguswa mtu mwingine, wa kwao wala wa kwenu. Anasema wenzako waliona yote, filimbi midomoni, na hakuna aliyepuliza. Walikutii.

Nimeshindwa kuamua kama niwashukuru au niwalaani.

Nyapara ameitoa pasi, imewekwa pamoja na jeneza. Unafika Alhamisi. Wamesema huko umeshaoshwa. Nitakuosha tena mwenyewe, kwa sabuni na maji mengi.

Filimbi ilifika kabla yako. Leo asubuhi nimesimama nayo uani nikaipuliza, mpulizo mrefu. Wametoka wote, refa, mwenye duka, hata yule mama tusiyesalimiana naye. Wakaniuliza kuna nini, nani kaumia.

Nikawaambia namwita mdogo wangu. Hawakurudi ndani. Walisimama nami wakitazama barabara.

Dada yako