Cheni ya Sifa mbele ya sumaku

Kambere weee! Ndoa ya Sifa imekufa sasa hivi, hapa Bulengera!

Alikuwa anafundisha batoto ya dada yake mambo ya sumaku, huku muchumba wake Lukman na muzee Daudi, baba ya Sifa, banakula pilau pembeni. "Sumaku inavuta chuma hata bila kuigusa. Lakini zahabu, hapana. Muangalie!" Akavua cheni ya zahabu, zawadi ya Lukman ya uchumba, akaisogeza karibu na sumaku.

Mwana, cheni ikaruka! Yote! Ikanata kwenye sumaku!

Batoto: "Tantine, ni chuma!"

Muzee akanyakua kiti: "Unataka kuoa mutoto yangu na misumari?!" Pwaa! Meno ya Lukman chini, damu kwenye pilau!

Lukman, mudomo umepasuka: "Sifa, mapendo yangu ni ya kweli..."

Sifa akamutandika na ile cheni usoni, akageuka: "Batoto, nani iko na swali?"