Masizi ya Upande Mmoja

Kwako mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu nyingi huko uliko, wewe na kazi zako na hicho kifua kinachokusumbua kila baridi ikiingia. Umepona? Unakunywa vitu vya moto, au bado unajifanya mwili wako ni wa chuma? Sisi huku wazima. Shemeji yako mzima, watoto wazima, baba mzima kupita kiasi. Mgonjwa ni mimi peke yangu, na ugonjwa wangu unaitwa treni.

Katika barua yako iliyopita uliniambia nivumilie, au nikichoka nizikusanye zile treni zote nizifungie stoo. Kushauri kwa mbali ni kazi nyepesi, mdogo wangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti mwenyewe ndiye huyu anayekuandikia.

Tangu baba ahamie kwetu na vitreni vyake vya kuunda kwa mkono, meza ya kulia chakula si meza tena, ni stesheni. Reli inaizunguka, inapanda kwenye ubao hadi juu ya kabati la vyombo, inaingia kwenye handaki alilolitengeneza kwa boksi la viatu vyangu vya harusi. Viatu vyenyewe sijui viko wapi hadi leo. Sisi tunakula tumepakata sahani mapajani kama wasafiri. Shemeji yako niliyemtegemea aseme neno, siku ya kwanza alinuna, siku ya pili akauliza kama ile treni inaweza kurudi nyuma. Sasa akitoka kazini kwake kunyoa watu anapiga magoti, analaza shavu mezani, anatazama magurudumu yakipita mbele ya pua yake. Ukimwita haitiki.

Halafu kuna vitu vyangu. Unajua mimi riziki yangu ni cherehani. Vile vyuma vya kushikia pembeni mwa ngazi za vichwa vya treni ni pini zangu. Kibano changu cha nyusi kinashika waya za mota. Mafuta ya cherehani ameyahamishia kwenye magurudumu, kwa hiyo nguo za watu nazishona kwa mashine inayolia kama mlango mbovu, huku treni zake zinateleza kimya. Kila Jumamosi anavifungua vichwa vyote, anavilaza chali kwenye taulo langu, anasafisha tumboni kwa kijiti cha pamba. Nyuzi za vitambaa vyangu zinajisokota kwenye ekseli za magurudumu, treni inakwama, na mkosaji ni mimi. Niliitwa na kusomewa mashtaka nyumbani kwangu mwenyewe, kwamba fundi cherehani anayejiheshimu hufagia nyuzi zake.

Lakini yote hayo ningeyameza. Lililonishinda ni uchafu. Baba yetu huyu, ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kuosha vichwa vya treni, ambaye wenzake walimpachika jina la Mzee Sabuni, aliyekuwa akitukagua kucha na viatu kabla hatujatoka mlangoni! Mtu huyo huyo anaunda kichwa cha treni kwa bati la makopo, anakipiga msasa, anakipaka rangi wiki nzima mpaka kinang'aa, kisha anakaa kitako kukichafua. Anakwangua chaki zangu za kuchorea vitambaa kwa wembe, ile ya kahawia inakuwa kutu, ile nyeupe inakuwa vumbi. Anakomba masizi chini ya sufuria zangu. Nilipomuuliza kama akili ziko salama, alisema kichwa kisafi ni mdoli, kilichochafuka ndicho kilichofanya kazi. Nikamwambia basi nyumba yangu imefanya kazi kuliko nyumba zote za mtaa huu. Hakucheka.

Kati ya vichwa hivyo kuna kimoja cha kijani chenye mstari wa njano. Hicho alikihangaikia miezi, na hakuruhusu mtu akiguse. Hakukitembeza hata mara moja. Kilikaa kwenye rafu peke yake, na ajabu yake ni kwamba kilikuwa kichafu upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa msafi, ungeweza kuchania nywele kwa kujitazama humo.

Juzijuzi nilikuwa na mteja mkubwa anakuja kujaribu nguo yake, nikaamua sebule lazima ifanane na sebule. Baba alikuwa ametoka kunyoosha miguu. Nilipofika kwenye ile rafu nikakitazama kile kichwa, nikaingiwa na huruma. Nikasema moyoni, mzee wetu amezeeka jamani, alianza kukisafisha akasahau upande mmoja. Basi nikachukua maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, nikakisugua taratibu hadi pande zote mbili zikalingana. Nikakikausha kwa kitambaa laini, nikakiweka katikati ya meza, nikakaa kusubiri kushukuriwa.

Baba aliporudi nilijiandaa kwa lolote, hata kufokewa. Hakufoka. Alikiinua, akatazama upande huu, akakigeuza, akatazama ule. Akauliza nani amekiosha. Nikasema kwa maringo kabisa kwamba ni mimi. Akasema nimekiosha vizuri, hata yeye enzi zake asingekitakatisha hivyo. Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Kuanzia hapo treni hazikutembea tena. Kimya nilichokiomba nilikipata, na nakuapia kilinichosha kuliko kelele. Shemeji yako akawa anazunguka ile meza kama mtu aliyeachwa na gari. Baba anakula kidogo, anashukuru, anarudi chumbani. Siku ya tatu uvumilivu ukanishinda nikamfuata na chai. Unanijua, sikwenda kuomba radhi, nilikwenda kugomba. Nikamwambia sijawahi kuona mtu mzima anayefiwa na uchafu, na kama alitaka kiwe kichafu, mbona upande mmoja? Akaiweka chai chini, akaniambia.

Sasa wewe kaa kitako, kwa maana yanayofuata yanakuhusu.

Unaikumbuka siku uliyoondoka. Wewe na baba mlikuwa hamsemeshani. Baba alitamka mbele yetu sote kwamba anayetaka kutoka kwenye nyumba ile atoke, lakini asitegemee kusindikizwa naye. Wewe ulisimama kwenye mlango wa behewa ukichungulia juu ya watu mpaka treni ikang'oka, na yeye hakutokea. Uliniandikia hayo katika barua yako ya kwanza, na tangu hapo neno baba halijatoka kwenye kalamu yako. Unaandika tu salamu kwa wote. Nikisomea watu barua zako hapa sebuleni, baba huniuliza kama katika hao wote na yeye yumo. Namwambia yumo, halafu naendelea kusoma haraka.

Mdogo wangu, alikuwepo. Siku ile alikuwa zamuni. Alichukua ndoo na brashi, akavuka reli, akaenda upande wa pili wa kichwa kilichokuwa kinavuta treni yenu, ule usioonekana na abiria. Nia yake ilikuwa akioshe, kisha azunguke mbele aje akupe mkono. Hakuosha wala hakuzunguka. Anasema kiburi kilimshika miguu. Alisimama na brashi kavu mkononi, uso wake umetazamana na lile bati, wewe uko ng'ambo, mpaka dereva akapiga honi. Kwa kuwa hakuweza kukuona, alitazama kilichokuwa mbele yake: masizi yaliyoshuka kutoka kwenye bomba la moshi, mchirizi wa mafuta chini ya mlango wa dereva, tope lililorukia juu ya magurudumu, na sehemu moja iliyofutika, kama mtu alipita akaiegemea kwa bega. Kichwa kile kiliondoka bila kuoshwa, kimoja tu katika utumishi wake wote. Msimamizi alimfokea mbele ya vijana wake. Hakumwambia mtu, hata marehemu mama.

Kwa hiyo yale hayakuwa mapambo. Kumbukumbu pekee aliyonayo ya kukuaga ni ule uchafu, na alikuwa anaurudisha doa kwa doa. Mimi nikaja na mswaki na sabuni.

Nililia, sikufichi. Nilipomaliza kulia nikakasirika upya. Nilimkasirikia yeye, mtu mwenye mdomo na ulimi, badala ya kusema neno moja anaunda treni nzima. Nikakukasirikia na wewe, uliyekosa kupungiwa mkono mara moja ukafuta jina la mzazi wako. Maji hufuata mkondo, lakini nyinyi wawili mmezidi.

Tumeanza tena. Mkono wake siku hizi unatetemeka kwa zile alama ndogo, kwa hiyo brashi nashika mimi, yeye anaelekeza. Usiombe kufundishwa na Mzee Sabuni. Hapo ni pazito, hapo punguza, nani alikwambia kutu inapanda juu? Chaki nimezikwangua mwenyewe, hata ile mpya kabisa. Doa hata moja hajalisahau. Jana tumemaliza upande ule, ni mchafu wa kutisha, na nikuambie kweli, naona fahari.

Nikamuuliza upande wa pili tuuchafue vipi. Akakataa. Alisema hawezi kubuni uchafu ambao hakuuona. Upande huo ulitazama jukwaa la abiria, na aliyeuona ni mwanawe, aliyepita kando yake na begi lake begani. Akachukua kitambaa akaanza kuung'arisha.

Sasa nakuomba, na ninapokuomba jua nimekunja uso. Njoo umwambie palikuwa na nini. Kama umesahau, njoo umwambie umesahau, lakini umwambie mwenyewe, usinitume mimi. Mimi ni fundi wa nguo, si posta yenu. Na ukijibu barua hii, usiniandikie habari za wote. Mtaje.

Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija umletee betri, zile ndogo za mviringo. Watoto wanakusalimu na kukuulizia. Baba nilipomwambia nakuandikia hakunituma salamu. Alinyanyuka tu, akakigeuza kile kichwa pale kwenye rafu, upande msafi ukatazama mlangoni.

Ni mimi dada yako, niliyechoka na nyinyi wawili.